Mlango Ulio Nyuma ya Buchari



Mama mmoja alinijia ofisini baada ya Misa ya asubuhi. Aliketi, akakaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Padre, mume wangu ananidanganya, lakini hajawahi kuniambia uongo." Nilidhani sikumsikia vizuri, nikamwomba arudie.

Kila jioni mumewe humpigia simu na kumwambia, "Niko buchari, nanunua nyama." Na kweli yuko buchari. Na kweli hurudi na nusu kilo ya nyama ndani ya karatasi, watoto wakafurahi. Ila kazini hutoka saa 11 jioni na nyumbani hufika saa 4 usiku. Kumbe kando ya friji ya nyama pana mlango mwembamba, na nyuma ya mlango huo mna chumba chenye viti vya plastiki, televisheni na kreti za bia. Mwenyewe hana laiseni, kwa hiyo nje hakuna kibao. Waume wa mtaa ule wote wanaujua mlango huo. Wake zao hawaujui. Mama huyu aliujua siku binti yao wa kidato cha pili aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo ambayo baba alisema "inashughulikiwa."

Maneno yake yalinikumbusha habari nilizosoma juu ya baa za siri za mji wa New York, huko Marekani. Tarehe 17 Januari 1920 sheria ya nchi nzima ilianza kukataza kutengeneza, kusafirisha na kuuza vileo. (Divai ya Misa iliruhusiwa, basi mapadre wenzangu wa huko hawakutaabika.) Watu hawakuacha kunywa. Walijificha. Baa zilifunguliwa katika vyumba vya chini na nyuma ya maduka, zikapewa jina lenye maana ya "sema polepole", kwa kuwa ilibidi watu wanong'one.

Iliyokuwa mashuhuri sana ni 21 Club, katika nyumba nambari 21 ya barabara ya 52 upande wa magharibi, tangu mwaka 1930. Wenyewe walikuwa binamu wawili, Jack Kriendler na Charlie Berns. Kule chini walijenga mlango wa matofali wenye uzito wa zaidi ya tani 2, ukafanana kabisa na ukuta. Haukuwa na kitasa. Ulifunguliwa kwa kupenyeza chuma chembamba cha mishikaki katika kitundu kidogo. Lakini ujanja mkubwa haukuwa mlango. Ghala lile la divai halikuwa chini ya nyumba nambari 21, bali chini ya nyumba ya jirani, nambari 19. Askari wakiuliza, "Je, mna pombe katika nyumba hii?", mfanyakazi aliweza kuwatazama usoni na kujibu, "Hamna." Wala hakusema uongo!

Mnamwona ndugu yake yule wa buchari?

Amri ya Nane haipimi maneno ya mdomoni peke yake. Yauliza: ulitaka mwenzako aamini nini? Someni habari za Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Fedha walizozileta kwa mitume zilikuwa fedha za kweli, tena nyingi. Kosa lao ni kuleta sehemu na kutaka ihesabiwe kuwa yote. Nami naona uchungu zaidi kwa sababu walikuwa mume na mke, tena walikuwa wamepatana.

Msinielewe vibaya. Bwana wetu alihudhuria harusi kule Kana, na wote tunajua alichofanya mitungi ilipojazwa maji. Chupa moja ya bia, iliyonunuliwa kwa pesa isiyo ya karo, haivunji ndoa. Lakini mlango ambao rafiki zako wote wanaujua, naye aliyekula kiapo nawe altareni haujui, huo ni jambo jingine. Katika ghala lile la New York meya wa mji mwenyewe, Jimmy Walker, alikuwa na meza yake ya faragha. Alikuwa Mkatoliki, aliyeoa mwaka 1912, na watu wengi walijua uhusiano wake na mwigizaji Betty Compton. Mwaka 1932 alijiuzulu umeya wakati wa uchunguzi wa rushwa. Mwaka uliofuata ndoa yake ilivunjwa mahakamani, akafunga nyingine na mwigizaji huyo, nayo ikavunjika mwaka 1941. Mahali pa siri huanza na kinywaji tu. Baadaye hupatikana wa kunywa naye.

Sheria ile ilifutwa tarehe 5 Desemba 1933. Mngetarajia milango ya siri iishe. La hasha! Mwaka 2007 ilifunguliwa huko huko New York baa iitwayo PDT, herufi za Kiingereza zenye maana ya "tafadhali usiseme." Mteja huingia katika duka la soseji, kisha ndani ya kibanda cha simu, na ukuta wa kibanda ndio mlango. Hakuna askari anayewafukuza. Kinachouzwa pale, pamoja na kinywaji, ni raha ya kujificha.

Sasa enyi akina mama, mtaniuliza: nipekue mifuko yake? Nisome simu yake? Wale askari wa New York waliipekua 21 Club kwa saa nyingi, wakagonga kuta, wakaondoka mikono mitupu. Mlango uliojengwa kwa ajili ya wapekuzi haufunguliwi na wapekuzi. Hufunguliwa na mwenye kile chuma cha mishikaki. Nanyi pia mjichunguze, kwa maana nimewasikia akina mama wenye mkopo wa chama ambao baba hajui hata senti yake. Siyo kila siri ni dhambi. Aliloniambia rafiki yangu kwa kuniamini silipeleki mezani. Lakini pesa ya nyumba, na saa za jioni, ni mali ya wawili.

Nilimwita yule bwana. Alikuja kwa shingo upande, akajitetea kwamba hajasema uongo. Nilimwambia kwamba hilo mkewe alikwisha kunieleza. Akacheka kidogo, kisha hakucheka. Sikumtaka aape kuacha bia. Nilimwomba jambo moja: amfungulie mlango.

Ilimchukua wiki tatu. Jumamosi moja alasiri alimshika mama mkono, wakapita kando ya friji ya nyama, na waliokuwamo wakanyamaza ghafla kama wanafunzi walioingiliwa na mwalimu. Mama aliagiza soda. Alivitazama viti vya plastiki, kalenda ya mwaka uliopita, na televisheni yenye kioo kilichopasuka. Kisha akamgeukia mumewe na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, ni hapa tu?"