Si Kila Mageuzi ni Maendeleo

Watu wamegawanyika makundi mawili katika jambo la mageuzi. Kundi moja hupokea kila jipya kwa kuwa ni jipya; na la pili hukataa kila jipya kwa kuwa wazee hawakulijua. Makundi haya hudhaniana kuwa ni mahasimu, na kumbe kosa lao ni moja: wote wametazama umri wa jambo, wala hawakutazama makusudio yake. Na umri si hoja.

Wafuasi wa Imamu Shafii wanayo dalili ya haya katika madhehebu yao wenyewe. Imamu alipokuwa Iraki alitoa kauli katika mas-ala mengi. Kisha akahamia Misri karibu na mwaka 199 wa Hijra, akayapitia tena, na mengi akayageuza kabla ya kufariki mwaka 204. Ndiyo sababu wanafunzi husoma kauli ya kale na kauli mpya. Hakuigeuza ya kwanza kwa kuchoka nayo, bali kwa dalili iliyomdhihirikia. Wala wanavyuoni waliomfuata hawakusema kuwa kila kauli mpya ni bora kwa upya wake. Katika mas-ala machache walirudi kwenye ya kale, walipoona dalili yake ina nguvu zaidi. Mizani yao ilikuwa moja kwa zote mbili.

Mizani hiyo yafaa hata nje ya vitabu. Mbuchi imo katika delta ya Rufiji, mahali mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, penye mikoko, uvuvi wa kamba na mashamba ya mpunga. Mwaka 1997 serikali iliridhia shauri la kampuni moja kufuga kamba katika delta hiyo, kwa mabwawa ya kiasi cha hektari 10,000. Walioupenda mradi huo walitaja kazi na fedha za kigeni. Wakazi wengi wakaupinga, hata shauri likafika Mahakama Kuu, na mwisho wake mradi haukufanyika.

Je, waliopinga walikuwa maadui wa maendeleo? La. Kamba wa baharini hukulia wadogo katika mizizi ya mikoko. Basi ni haki kuuliza: mikoko ikiharibiwa, mvuvi atavua nini? Na aliyelima ardhi ile miaka yote atalima wapi? Katika fikihi, kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta faida. Asiyeuliza maswali hayo hakutaka maendeleo. Alitaka mageuzi tu.

Lakini mizani ya haki humpima na yule aliyeishika. Mtu aweza kukataa mabwawa ya tajiri, kisha akaingia mwenyewe na shoka akafyeka mikoko apande mpunga. Njaa ni udhuru wa kweli, wala haifai kudharauliwa. Hata hivyo shamba la namna hiyo aghalabu huzidiwa na magugu baada ya miaka michache, mwenyewe akaliacha akafyeka jingine. Huko nako ni kuigeuza nchi pasipo kuiendeleza. Hukumu haibadiliki kwa sababu shoka ni la maskini.

Basi mwenye akili, aletewapo jambo jipya au ashikapo la kale, na aulize matatu. Kwanza, linakusudiwa nini? Pili, nani atapata faida yake, na nani atabeba madhara yake? Tatu, likishindikana, laweza kurudishwa lilivyokuwa? Likipata jibu jema, na alifuate, ijapokuwa babu yake hakulijua. Likikosa, na aliache, ijapokuwa dunia yote yalikimbilia. Nahodha hageuzi tanga kwa kuchoshwa na upande mmoja. Huligeuza kwa kuijua bandari aendayo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.