Antena Juu ya Paa

Kifaa kikifanya kazi yote, mwenye kifaa hubaki na matokeo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, na wenye seti mjini Moshi walitegemea mawimbi yaliyovuka mpaka kutoka Kenya. Mtu wa mtaa wa Majengo mjini humo aliyependa ufundi alijitengenezea antena nyumbani kwa fito za alumini, waya, na bomba refu la kuzisimamisha juu ya paa. Alijifunza kwa mikono yake kwamba fito hukatwa karibu na nusu ya urefu wa wimbi, yaani kama sentimita 75 kwa masafa ya megahezi 200. Ndiyo kanuni ya antena ya Yagi, iliyobuniwa Japani mwaka 1926. Mmoja alizungusha bomba taratibu, mwingine akapaza sauti dirishani: "Hapo hapo, usiguse!"

Kisha kikaja king'amuzi.

Mitambo ya analojia ilipozimwa mjini Moshi mwaka 2013, kitufe kimoja kilitosha kutafuta chaneli zote, na chenga zikatoweka kwenye kioo. Hayo ni maendeleo ya kweli, na hakuna anayezililia chenga. Lakini kijana wa leo mwenye mkono wa ufundi hana tena la kumpandisha juu ya paa, na msisimko wa kuona sura ya mtangazaji ikijitokeza kwa sababu yeye ndiye aliyepima, akakata na kufunga fito zile, umempita kabisa.