Mwezi Ndani ya Saa



Jioni ya mkesha wa Pasaka alifika nyumbani kwetu hapa Mitole kijana mmoja ambaye zamani tulimfundisha darasa la kwanza. Sasa ni mtu mzima, amefanya kazi ya ufundi melini kwa miaka mingi, na alikuja kumwona mama yake. Alipotoa mkono kutuamkia tuliona saa ambayo hatujapata kuona mfano wake. Karibu na namba 6 palikuwa na kidirisha kidogo, na ndani yake anga la buluu lenye nyota, na mwezi wa rangi ya dhahabu. Wakati ule ule mwezi wa Pasaka ulikuwa unapanda kutoka upande wa baharini, mkubwa na mwekundu, nusura uwe duara kamili. Lakini mwezi wa ndani ya saa ulikuwa mwembamba kama ukucha.

Tulicheka, naye akacheka. Akaeleza kwamba saa hiyo haina betri. Hujitia nguvu kwa kutikisika kwa mkono wa mwenye kuivaa, na ikiwekwa sandukuni siku mbili tatu husimama, na mwezi wake husimama nao. Akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akabonyeza kitundu kilichoko ubavuni, mara moja kwa kila siku iliyopotea, huku akitazama juu ya minazi na kutazama mkononi, mpaka miezi miwili ikapatana.

Watu waliokuwapo wakauliza bei. Alisita, kisha akamtajia mmoja kwa sauti ya chini. Kulipokucha, watu wote wa ibada walikuwa wakijua: shilingi milioni 24, na saa yenyewe haikuwa mpya. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitujia barazani. Akasema, “Mwalimu, huyu ni mwanafunzi wako. Mwambie mbele ya watu kwamba amefanya dhambi. Usipomwambia wewe, vijana wetu watajifunza nini?” Tulimwomba atupe muda wa kufikiri. Haya tunayoandika ndiyo tuliyofikiri.

Kwanza tulipiga hesabu, maana mwalimu hata akistaafu haachi kupiga hesabu. Kilo ya ufuta ikiuzwa kwa shilingi 3,000, saa ile ni kilo 8,000, yaani tani nane. Wapo kati yetu wanaolima, kupalilia, kukata na kukung'uta msimu mzima, na hawajapata tani nane tangu waanze kushika jembe. Nayo saa yaonyesha nini? Inaonyesha mwezi, ambao Mungu ameutundika bure juu ya tajiri na maskini. Wavuvi wa Kivinje na Masoko hawana haja ya kidirisha. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wanajua ni bamvua, maji yatakupwa mpaka mbali na kina mama watatoka kwenda kutafuta pweza. Ukiwa nusu, ni maji mafu. Kila siku kujaa na kupwa huchelewa karibu dakika 50, na mvuvi anaijua hesabu hiyo mwilini mwake.

Tena mwezi wa saa si wa kweli sana. Katika saa nyingi za namna hii kuna gurudumu lenye meno 59, linalosukumwa jino moja kila siku, na juu yake imechorwa miezi miwili, kwa hiyo kila mwezi hupata siku 29 na nusu. Lakini mwezi wa mbinguni huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44. Zile dakika 44 hukusanyika, na baada ya miaka miwili na miezi kama saba na nusu saa imekosa siku nzima. Mafundi wa Uswisi wametengeneza pia gurudumu la meno 135, ambalo hukosa siku moja tu katika miaka 122 hivi. Fundi anayefanya kazi hiyo anajua kwamba hatakuwa hai siku kosa lake litakapotimia siku moja. Hapo tulianza kuona kwamba si jambo la kudharau.

Na sisi Wakristo tuwe waangalifu tunapocheka mwezi wa kuhesabiwa. Pasaka yetu ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu ulioangukia tarehe 21 Machi au baada yake, ndiyo sababu haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Lakini hakuna padri anayepanda mnazi kuuchungulia mwezi huo. Upo katika jedwali, umehesabiwa kwa mizunguko ya miaka 19, na mara nyingine hupishana kidogo na mwezi wa angani. Jirani zetu Waislamu husimama nje mwisho wa Ramadhani wakitafuta mwezi kwa macho, nasi tunafungua kalenda. Kanisa limetembea na mwezi wa fundi kwa karne nyingi.

Basi shauri si mwezi, ni fedha. Hapa mzee wetu ana nguvu. Lakini tulikumbuka yule mwanamke wa Bethania aliyevunja chupa ya marhamu kichwani pa Bwana. Thamani yake ilizidi dinari 300, karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima. Waliokuwapo walinung'unika kwamba ingaliuzwa wakapewa maskini, na Bwana akawanyamazisha. Yohana anaongeza kwamba aliyenung'unika alikuwa ndiye mshika mfuko, na hakuwa mwaminifu. Mtu hodari wa kugawa mali ya mwenzake, hiyo ndiyo sala yake ya kila siku. Lakini tusijidanganye. Mwanamke yule alimimina marhamu kwa ajili ya mwingine, hakujipaka mwenyewe.

Anasa si ngeni katika nchi hii ya Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ni wakati wa jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane, ukingoni mwa bahari. Ibn Battuta asimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Tukifika hapo tunafurahi. Lakini hadithi inaendelea: mtoto wa Sultani alizichukua tena nguo zile, akampa fakiri watumwa kumi badala yake, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mfalme mkarimu, na ukarimu wake ulihesabiwa kwa vichwa vya watu. Katika karne ya kumi na tisa Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ile ile. Kwa hiyo tunapoona kitu cha thamani, swali letu la kwanza lisiwe bei yake. Tuulize nani aliilipa.

Pale Unguja kanisa letu kuu lilijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na saa ya mnara wake inasimuliwa kuwa ni zawadi ya Sultani Barghash, aliyetia sahihi mkataba wa kulifunga. Mwislamu aliwapa Wakristo saa. Ilikuwa ya fahari, lakini iliwekwa juu, na hata mchukuzi asiye na senti aliisoma.

Sasa tuseme la kwetu. Chuo cha ualimu kilitufundisha kwamba mwalimu asiye na saa si mwalimu, nasi tukanunua yetu kwa tabu, miaka ile ya 1980 ambapo hata sabuni ilikuwa adimu. Ilikuwa ya kutia ufunguo, ya bei ndogo. Asubuhi moja tuliwachapa waliochelewa, mmoja wao binti mdogo aliyetoka ng'ambo ya mto. Watoto wale hawakuwa na saa nyumbani. Usiku wa mbalamwezi waliamka mapema mno wakidhani kumekucha, na usiku wa giza walilala. Jioni redio ilipopiga saa, tuligundua kwamba saa yetu imetangulia dakika 25. Yule binti hakuwa amechelewa. Hatukumwomba radhi, maana tuliona haya mbele ya darasa, na baadaye wazazi wake wakahama. Saa ya bei ndogo ilitutosha kutenda dhuluma.

Ndipo tulipomwita yule kijana, faraghani, wala si mbele ya watu. Hatukumwambia ametenda dhambi. Tulimwuliza maswali mawili. La kwanza, nani aliilipa. Akajibu kwamba ni akiba ya miaka sita, na kwamba katika miaka hiyo nyumba ya mama yake ilipata bati na ada za wadogo zake hazikukosa. Mama alithibitisha. La pili, kama mtu wake akiugua leo, ataweza kuivua? Alinyamaza sana. Akasema, “Mwalimu, sijui. Binti yangu ndiye anayeuweka sawa mwezi wake kila niingiapo nyumbani.” Hatukumsukuma zaidi. Aliondoka Jumanne kwa basi la alfajiri.

Mzee wetu tulimpelekea majibu haya kama yalivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba walimu hupenda mno wanafunzi wao, na kwamba paa la kanisa bado linavuja. Yote mawili ni kweli. Tangu siku ile hajaja kukaa barazani kwetu, nasi tunakusudia kwenda kwake Jumapili hii baada ya ibada.