Nani Mwenye Maiti?

Majuzi, katika mochari moja ya Nairobi, vijana wa mitaani walinyimwa maiti ya mwenzao. Walikuja na kopo la rangi lililojaa sarafu na noti zilizokunjamana, mchango waliopewa na makanga, mama wa chai na wabeba mizigo. Karani hakulitazama. Aliwauliza, "Nyinyi ni nani wake?" Wakasema, "Ni ndugu yetu." Akawaagiza wakamlete ndugu wa kweli.

Kwamba bila utaratibu walaghai wangechukua maiti zisizo zao, nakubali.

Lakini nimechoshwa na hoja hii: wale wana kwao, undugu wao ni wa gundi wanayonusa, gundi ikiisha nao umekwisha. Sensa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini Kenya, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Wamo waliozaliwa barabarani na mama waliozaliwa barabarani. Hao kwao ni wapi? Na aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo, arudi kwa nani? Gundi wanagawana, ndiyo. Wanagawana pia chapati, katoni ya kulalia, na zamu ya kukesha ili askari wa kanjo wasiwakute usingizini. Marehemu alipozidiwa na homa, ni wao waliomsukuma kwa mkokoteni hadi hospitali. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Halafu, mbona wenye nyumba wakilewa pamoja kila Ijumaa, hakuna anayesema undugu wao ni wa chupa?

Nikiwaza haya hukumbuka utani wa Tanganyika, ule wa kabila na kabila. Katika msiba, mtani ndiye aliyechimba kaburi, akasimamia shughuli, akawatania wafiwa hata wakacheka katikati ya kilio. Hakuwa damu yao. Pengine mababu zao walipigana. Hata hivyo kazi nzito ya mazishi ilikuwa haki yake, na kumnyima ingekuwa aibu kwa wenye msiba. Wazee wale waliujua undugu wa kutenda, wakauwekea kanuni.

Sisi tuweke kanuni gani? Mwaka mmoja wa kulala pamoja unatosha? Mitano? Sina kipimo. Ila maiti isiyodaiwa huishia kaburi la pamoja katika makaburi ya Lang'ata. Waheshimiwa wabunge, wapeni waliomuuguza mtu njia ya kuapa, kushuhudiwa na kumzika.