Mama Huyo Ameoga

Asubuhi za Kericho zina baridi ya kuuma. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wachumaji huingia kwenye chai wamevaa sweta, gambuti na aproni ya plastiki ya kuzuia umande. Katika baridi hiyohiyo, mama wa miaka hamsini huhisi joto likimpanda kifuani, likapita shingoni hadi usoni, na nguo ya ndani ikalowa chepechepe. Dakika chache baadaye anatetemeka.

Jasho la shambani halimletei mtu lawama. Aibu huanza akishatoka: kwenye foleni ya kupima majani, ndani ya matatu ya kwenda Litein, kanisani Jumapili. Mmoja anageuza uso, mwingine anafungua dirisha, na mama anajua ni yeye. Wapo wanaoacha kwenda kwenye chama kwa ajili hiyo. Nami nasema huyo mama ameoga, na huenda ameoga mara nyingi kuliko anayemgeuzia uso.

Jasho hilo lina sababu yake: wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inapopungua, sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili hushtuka upesi, na joto likizidi kidogo tu mwili hutoa jasho kujipoza. Jasho jipya halinuki sana. Harufu huja bakteria wa ngozini wanapolivunjavunja, hasa kwapani, na nailoni iliyobanwa chini ya plastiki huwapa unyevu wanaoutaka. Kwa hiyo kujisugua kwa sabuni ya kufulia, au kupaka limau na magadi, huichubua ngozi tu na jasho likarudi palepale. Afadhali vazi la pamba ndani, blauzi ya akiba mkobani, na dawa ya kuzuia jasho ipakwe usiku kwapa likiwa kavu kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya. Msichana hufundishwa hedhi inapoanza, lakini inapokoma hakuna anayemkalisha mama chini. Usiku akitupa blanketi, mume hudhani amechukiwa. Akimwomba nyapara ruhusa ya kubadili nguo, huonekana mvivu. Mabinti zake wanamnunulia manukato, zawadi ya upendo kweli, lakini inayomthibitishia kwamba wote wamesikia harufu na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje.

Tena si kila jasho ni la umri. Jasho la usiku linaloloweka shuka, likiandamana na kikohozi kisichoisha, homa au kukonda, linaweza kuwa kifua kikuu. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka huweza kutokana na tezi ya shingo. Asinyamaze hadi bonasi ya chai ilipwe ndipo atafute daktari. Kericho ina hospitali ya rufaa ya kaunti, na Bomet wana hospitali za Longisa na Tenwek. Na kama shida ni kukoma hedhi, bado kuna tiba, ya homoni na isiyo ya homoni, ambayo daktari huchagua baada ya kuuliza historia ya mgonjwa, hasa kama aliwahi kuugua saratani ya matiti. Mume naye aandamane naye, aingie chumba cha daktari, asikie mwenyewe kwa nini blanketi lile hutupwa.