Hoja ya Tano

Kila Desemba, shule zikishafungwa, huketi mezani na karatasi kubwa iliyopigwa mistari ili niandike azimio la kazi la mwaka unaokuja. Msomaji asiyekuwa mwalimu huenda hajapata kuiona karatasi hii. Ina safu ya mwezi, ya wiki, ya mada, ya idadi ya vipindi, ya zana na ya rejea, na mwishoni kabisa kuna safu nyembamba ya maoni, ambayo wengi wetu huiacha tupu au huandika tu kwamba mada imefundishwa. Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Shinyanga. Kwa kuwa mada nyingi za mazingira zimo katika somo hilo, ni mimi pia ninayeulizwa kila mwaka kwa nini miche iliyopandwa shuleni imekauka.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa nyepesi. Nilinakili azimio la mwaka uliopita nikabadili tarehe. Tangu mwaka 2011 imekuwa nzito, na chanzo chake ni alama mbili nilizomnyima mwanafunzi.

Nilikuwa nimewapa Kidato cha Tatu jaribio, wataje mambo matano yanayomaliza misitu katika eneo wanaloishi. Kijana mmoja, mpole na mwenye mwandiko mzuri, aliandika kilimo cha kuhamahama, mifugo kupita kiasi, moto kichaa na miti ya kujengea. Kisha akaandika namba tano, na mbele yake hakuweka kitu. Mkaa haukuwemo, ingawa nilikuwa nimeufundisha kwa vipindi viwili vizima. Nikamwita.

"Hoja ya tano naijua, mwalimu," alisema, "ila siiandiki."

Nilimwuliza sababu, akatazama chini. Nikaona ni kiburi, nikampa nane kati ya kumi.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba mama wa kijana yule ni mjane anayechoma mkaa. Ada ya shule ya kutwa wakati ule, shilingi 20,000 kwa mwaka, pamoja na michango isiyokwisha, vyote vilitoka katika tanuri lake. Aliponieleza sura yake nikamtambua. Alikwisha kuniletea gunia nyumbani kwangu mara tatu au nne, na mara ya mwisho nilimbana mpaka akanipunguzia shilingi elfu moja.

Ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo hata leo hunikalia mkononi pamoja na kalamu: je, ni haki kumfundisha mtoto jambo linalouhukumu mkono unaomlisha?

Katika ofisi ya walimu tulilijadili sana. Mmoja alisema ukweli ni ukweli, na mwalimu wa Hisabati haulizi kama jibu litamchoma mtu. Mwingine alisema heshima ya mzazi ni kubwa kuliko mada, hivyo pale penye mkaa nipite haraka. Nimewahi kuwa upande wa kila mmoja wao. Yule wa pili ananishinda kwa huruma, lakini siwezi kumfuata. Tanuri la udongo la kienyeji hula kuni nyingi mno. Kilo moja ya mkaa huweza kumaliza kilo saba, nane, hata kumi za kuni, na mti wa miombo uliokatwa huchukua miaka mingi kurudia unene wake. Kumficha kijana jambo hilo ni kumwamulia kwamba hana kifua cha kulibeba, ilhali alikuwa amelibeba kabla yangu.

Kuhusu yule wa kwanza, shaka yangu ni hii. Ukweli niliokuwa nikiufundisha ulikuwa nusu. Nilimtaja mwenye shoka, nikamwacha mwenye jiko, na mwenye jiko nilikuwa mimi.

Tena sisi wa serikali na wa vitabu hatuna rekodi safi ya kuhubiri juu ya miti katika mkoa huu. Katika miaka ya 1920 na 1930, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, wataalamu walisimamia ufyekaji wa vichaka vya Shinyanga ili kumfukuza mbung'o. Baadaye, wakati wa vijiji vya miaka ya 1970, watu walihamishwa wakaziacha mbali ngitili zao, yaani malisho ambayo wazee waliyafunga kwa ajili ya kiangazi. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imebaki uwanda wenye vumbi. Mradi ulifanikiwa pale ulipowarudishia watu kile walichokijua. Ngitili zilifufuliwa na familia na vijiji vyenyewe, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Babu aliambiwa akate, mjukuu anaambiwa apande, na aliyesema mara zote mbili alikuwa na cheti. Hili nalo silikuti katika muhtasari wa somo.

Likizo ya mwaka ule nilikwenda kumwona mama yule tanurini kwake. Niliogopa kidogo. Hakunilaumu, alidhani nimekuja kwa sababu ya ada. Tulipokwisha kusalimiana nilimwuliza juu ya miti, akanieleza ipi hutoa mkaa mzito na ipi hupasukapasuka motoni, mambo ambayo sijayaona katika kitabu chochote. Kisha akasema, "Mwalimu, nilipoanza nilikuwa nikikata huku naona paa la nyumba yangu. Sasa natoka alfajiri. Kama unayo kazi nyingine, nionyeshe, hii haina raha." Sikuwa nayo.

Nilirudi na wazo lililonifurahisha, kwamba mwaka unaofuata kila mwanafunzi aulize nyumbani ni umbali gani sasa mpaka kwenye kuni, halafu tuchore ramani. Nililiandika katika azimio, Machi, wiki ya pili. Nililifuta Januari. Wengi wa wachomaji hawana kibali, na ramani nzuri iliyobandikwa ukutani na watoto wao ingemfaa sana ofisa yeyote wa misitu anayetembelea shule. Mwalimu anaweza kumsaliti mtu kwa zoezi zuri kabisa.

Kwa hiyo nimeanzia upande wa pili. Mmomonyoko wa udongo nimeuweka Februari, mvua zikingali zinanyesha na korongo la nyuma ya madarasa likiwa na maji. Kungoja Agosti kwa sababu kitabu kimeuweka sura ya tisa ni kichekesho. Nishati inafuata, nayo inaanza jikoni kwangu. Wanafunzi hupima mkaa nilioutumia kwa wiki, wakazidisha kuni zilizoliwa na tanuri, wakanitajia jibu mbele ya darasa. Mara ya kwanza walicheka sana. Baada ya hapo tulikwenda jiko la shule, ambalo kwa miaka mingi lilipikia uji na makande kwa kuni, nyingine zikiletwa na waliochelewa, kama adhabu. (Kumwagilia miche nako kulikuwa adhabu. Sijui tulitegemea mtoto aupende mti kwa njia ipi.) Siku hizi serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, nami nina mtungi wa gesi nyumbani, kwa hiyo hesabu imebadilika. Sasa tunauliza mama anayechoma mkaa atamwuzia nani, na atakula nini wakati sisi tumekwisha kuwa safi. Swali hilo halina jibu katika mwongozo wa usahihishaji, na kila mwaka hunila kipindi ambacho sikukipanga.

Kijana yule alimaliza Kidato cha Nne na kufaulu. Mwaka 2019 nilikutana naye stendi, akanipa shikamoo na kunibebea mzigo mpaka kwenye basi. Nilitaka kumweleza habari ya zile alama mbili, basi likapiga honi.

Azimio la mwaka ujao liko mbele yangu. Mada ya nishati nimeipa vipindi vinane badala ya sita, na mkuu wa idara ataniuliza viwili nimevitoa wapi. Katika safu ya maoni nimeandika kwa penseli, "Isisahihishwe kwa haraka."