Supu Juu ya Makaburi

Chini ya kanisa la St Martin-in-the-Fields, pale Trafalgar Square jijini London, kuna mgahawa. Unashuka ngazi, unabeba sinia lako la supu na mkate, unakaa chini ya matao ya matofali. Sakafuni kuna mawe ya makaburi, mengine yamesuguliwa na viatu hadi majina hayasomeki. Nilisogeza kiti nisimkanyage mtu.

Shangazi yangu, Mlutheri wa Moshi, alishtuka nilipomsimulia: “Mwanangu, Yesu si aliwafukuza wachuuzi hekaluni?” Aliwafukuza, naam. Ila naamini hasira yake iliwaka kwa sababu ya waliomkamua maskini aliyekuja kusali. Hapa faida inasaidia kazi za kanisa, na kasisi Dick Sheppard, aliyeanza kuhudumu 1914, aliwafungulia mlango askari waliokuwa safarini kwenda vitani Ufaransa.

Linalonisumbua mimi ni karipio la Paulo kwa Wakorintho: mmoja anashiba, mwenzake ana njaa, na wote wanajiita kanisa. Supu ina bei. Asiye na pesa ale wapi? Jirani na hapo, The Connection inawahudumia wasio na makazi. Ningependa siku moja tule wote meza moja.